Ugonjwa Usio na Jina Haulipwi Fidia

Kwa Kigiriki, neno asbestos maana yake ni kitu kisichozimika. Jina zuri, utadhani la shujaa wa hadithi. Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, majina ndiyo mtaji wangu, na katika historia ya jiwe hili nimeona jinsi mtu anavyoweza kuteseka mara mbili: kwa ugonjwa, na kwa ugonjwa huo kukosa jina.

Mwaka 1898 Lucy Deane, mmoja wa wakaguzi wanawake wa mwanzo wa viwanda Uingereza, aliripoti kwamba vumbi la asbestosi likitazamwa kwa hadubini lina chembe zenye ncha kali kama vioo, na linadhuru. Ripoti ikachapishwa. Vumbi likaendelea.

Sasa hebu tumtazame Nellie Kershaw, aliyesokota nyuzi za asbestosi katika kiwanda cha Turner Brothers mjini Rochdale. Mwaka 1922 kifua kilimshinda, akaacha kazi. Kampuni ilikataa kumlipa. Ugonjwa wake haukuwa kwenye orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipwa fidia. Yaani mtu hapumui, lakini karatasi hazimtambui. Alifariki Machi 1924 akiwa na miaka 33, na hata senti ya mazishi kampuni haikutoa.

Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akakuta chembe za madini, akaandika makala mwaka huohuo. Mwaka 1927 akaupa ugonjwa jina: asbestosisi. Serikali ikachunguza wafanyakazi, na mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kudhibiti vumbi viwandani.

Lakini vumbi halijui geti la kiwanda. Mwaka 1960 Christopher Wagner na wenzake, Afrika Kusini, walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba chochote. Waliishi tu jirani na migodi. Tena saratani hii huweza kujificha miaka 30 au 40, mpaka kiwanda kimefungwa na bosi kazikwa.

Uingereza ilipiga marufuku aina zote mwaka 1999, miaka 75 baada ya Nellie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbestosi ya makazini bado inaua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka. Na huku kwetu mapaa yale ya kijivu bado yapo kwenye majengo ya zamani. Fundi akiyakata kwa msumeno bila kinga, ukimuuliza atakwambia ni vumbi tu. Nami naona hilo ndilo jina baya kuliko yote.