Njia Zilizopimwa kwa Kamba

Sisi tuliozoea vijia vya kijijini, vinavyozunguka mwembe na kushuka mtoni, twashangaa tufikapo Lubumbashi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na barabara zake zilipimwa kwa kamba, zikakatana kama nyuzi za wavu. Mgeni huambiwa: hesabu njia panda tatu, kisha shika kuume. Vyema, lakini akikosea moja tu, pembe zote zafanana, naye amepotea.

Katika miaka ya 1920 watawala Wabelgiji waliwatenga Waafrika katika mtaa wa Albert, ndio Kamalondo ya leo, wakaacha uwanda mtupu katikati. Hawakuuacha kwa faida ya mwenda kwa miguu! Nyumba hakuna, wa kumwuliza njia hakuna. Nao watumishi wa Wazungu waliuvuka asubuhi na jioni.

Msaada ulikuwa juu: bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya madini. Majina ya barabara yalibadilishwa, hata jina la mji mwaka 1966. Bomba limebaki, na aliyepotea huinua macho kulitafuta.