Iker Casillas

Iker Casillas (amezaliwa Móstoles, karibu na Madrid, 20 Mei 1981) ni mlinda mlango mstaafu wa soka kutoka Hispania. Alikulia katika timu za vijana za Real Madrid, akaanza kudakia timu ya wakubwa mwaka 1999 na kutwaa nayo Ligi ya Mabingwa mara 3. Akiwa nahodha, aliiongoza Hispania kubeba Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012. Katika fainali ya Kombe la Dunia 2010 jijini Johannesburg dhidi ya Uholanzi, mchezaji wa Uholanzi Arjen Robben alibaki naye ana kwa ana. Casillas alikuwa ameshajirusha upande mwingine, lakini kiatu chake kikaugusa mpira ukatoka nje. Bila mguu ule, huenda Hispania isingekuwa bingwa. Mwaka 2015 alihamia Porto ya Ureno, akapata mshtuko wa moyo mazoezini Mei 2019, na kustaafu 2020.