Mtoto wako anapopimwa kutembea kwa nguo ya vihisi: mama na mlezi wajue nini

Kama mtoto wako ana mtindio wa ubongo, anatembea kwa ncha za vidole, au magoti yake hayanyooki vizuri, huenda kliniki wamekwambia atapimwa mwendo kwa nguo ya vihisi. Akina mama wengi hurudi nyumbani na karatasi ya miadi lakini hawajui kipimo chenyewe ni nini. Wengine huogopa kwamba mtoto atapigwa shoti au mionzi. Soma maelezo haya kabla ya siku ya kipimo, na umsomee pia baba au bibi atakayemsindikiza.

Nguo ya vihisi ni nini?

Ni nguo ya kubana, au mikanda ya kunata tu, yenye vifaa vidogo vya betri vinavyoitwa vihisi. Kila kimoja kina ukubwa wa takriban kiberiti. Ndani yake mna sehemu tatu: moja huhisi mwendo unavyoongezeka au kupungua kasi, ya pili huhisi kiungo kinavyozunguka, na ya tatu hufanya kazi kama dira. Simu nyingi za kisasa zina sehemu hizo hizo. Ndiyo maana ukiigeuza simu upande, picha nayo hugeuka.

Vihisi hupeleka taarifa kwenye kompyuta bila waya, na kwenye kioo utaona kikaragosi kinachotembea kama mtoto wako. Kupima miguu peke yake kwa kawaida hutumika vihisi 7: kimoja nyuma ya kiuno, viwili mapajani, viwili kwenye miundi na viwili juu ya nyayo. Kwa mwili mzima mara nyingi hufungwa 17. Watengenezaji wa filamu za katuni na michezo ya kompyuta hutumia nguo za aina hii pia.

Haina mionzi ya eksirei, haipitishi umeme mwilini na haiumi. Vilevile haitibu. Ni kipimo, kama mizani ya kliniki.

Kwa nini ifungwe kwa uangalifu?

Matokeo yake yanaweza kusaidia kuamua kama mtoto anahitaji banzi, sindano ya kulegeza misuli, au upasuaji. Kihisi kilicholegea au kilichofungwa mguu usio wake hutoa namba za uongo, na kompyuta haitakwambia kwamba ni za uongo. Macho yako yanahitajika chumbani.

Kabla ya siku ya kipimo

- Mpe mtoto dawa zake kama kawaida. Usisitishe dawa ya kifafa kwa sababu ya kipimo.
- Mlishe, na mwache alale vya kutosha. Mtoto mwenye njaa au aliyechoka hatembei kama siku zote.
- Beba kaptula na fulana ya kubana, viatu anavyovaa kila siku, banzi zake, na gongo au kigari cha kutembelea kama anatumia.
- Usimpake mafuta miguuni asubuhi hiyo. Mikanda itateleza.
- Mwambie mtoa huduma kama mtoto ana kidonda, ngozi inayowasha akibandikwa plasta, au kifaa kilichowekwa ndani ya mwili, kama mrija wa kutoa maji kichwani.
- Sema pia kama amechomwa sindano ya misuli au ametolewa plasta ngumu (POP) karibuni.

Mweleze mtoto kwa maneno yake. Kwa mfano: "Utafungwa mikanda, halafu utatembea, na mtu wa kwenye kompyuta atakuiga." Wengi hufurahi wakisikia hivyo.

Hatua za kufunga na kuanza

1. *Vipimo vya mwili.* Mtaalamu atapima urefu wa mtoto, nyayo zake na miguu yake. Kompyuta hutumia namba hizi kumchora. Mtoto hukua, kwa hiyo namba za mwaka jana hazifai.

2. *Kufunga vihisi.* Kila kihisi kina alama ya mahali pake, kulia au kushoto. Hukaa vizuri panapokaribiana na mfupa, kama mbele ya muundi, kwa sababu nyama laini hutikisika. Mkanda ukaze bila kuzuia damu: kidole chako kimoja kipite chini yake kwa shida kidogo. Vidole vya miguu vikibadilika rangi au kuwa vya baridi, ulegezwe mara moja.

3. *Kusimama wima.* Mtoto ataombwa asimame bila kutikisika kwa sekunde chache, mikono ikiwa pembeni. Mara nyingine huombwa pia atembee kidogo. Hapo kompyuta inajifunza kila kihisi kimekaaje.

Hatua hii ya tatu ndiyo yenye mtego kwa watoto wetu. Katika mifumo mingi, kompyuta huhesabu mkao ule kuwa sifuri, yaani huamini magoti yamenyooka. Kama goti la mtoto limejikunja nyuzi 20 na haliwezi kunyooka, kompyuta inaweza kuandika 0. Kuanzia hapo kila namba ya goti hilo inapungua kwa 20, na tatizo lililowaleta kliniki halionekani kwenye karatasi. Mtaalamu huzuia kosa hili kwa kupima pembe za viungo kwa mkono na kuziingiza kwenye kompyuta, au kwa kumweka mtoto katika mkao mwingine. Uliza bila woga: "Mwanangu hawezi kunyoosha goti. Mmelihesabuje?" Hilo ni swali zuri, na mtaalamu mzuri atalifurahia.

4. *Jaribio la kulia na kushoto.* Kabla ya kuanza, mwambie mtoto anyanyue mguu wa kulia. Kikaragosi nacho kinyanyue wa kulia. Kikinyanyua wa kushoto, vihisi vimebadilishana.

5. *Kutembea.* Atakwenda na kurudi mara kadhaa, huenda pekupeku kwanza, kisha na viatu au banzi. Usimwambie "tembea vizuri." Mwache atembee kama anavyokwenda dukani. Watoto wengi hujikaza wakitazamwa, na ukiona anafanya hivyo, sema.

Chuma kingi huvuruga ile sehemu ya dira. Vitanda vya chuma, viti vya magurudumu visivyotumika na simu zikae mbali na njia anayopita. Kama kigari chake cha kutembelea ni cha chuma, mtaalamu ajue mapema.

Ukipewa nguo ya kutumia nyumbani

Baadhi ya programu za mazoezi huazimisha vihisi kwa siku chache.

- Chaji betri usiku, mbali na mtoto na mbali na maji.
- Mvalishe ukifuata picha ulizopewa, kisha rudia jaribio la kulia na kushoto.
- Toa vihisi vyote kabla ya kufua nguo. Anika kivulini. Vihisi vyenyewe vifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usivitumbukize majini.
- Ukimvua, kagua ngozi. Alama nyekundu ambayo haijaondoka baada ya nusu saa, malengelenge au mchubuko ni sababu ya kuacha na kupiga simu kliniki.
- Andika kwenye daftari kama siku hiyo alianguka, alikuwa na homa au alipata degedege.

Ukipewa majibu

Utaona michoro ya mistari. Mara nyingi mguu wa kulia na wa kushoto hupewa rangi tofauti, na nyuma yake kuna utepe wa kijivu unaoonyesha mwendo wa watoto wasio na tatizo. Mstari ukitoka nje ya utepe haimaanishi lazima upasuaji. Uliza mambo matatu: Mmeona nini? Kinamsumbuaje katika maisha yake? Tukisubiri itakuwaje?

Nguo huonyesha goti limekunjwa kiasi gani. Haijui kama linauma, kama jioni hawezi kupanda ngazi, wala kama ameacha kucheza na wenzake. Hayo unayajua wewe, na daktari anayahitaji pamoja na uchunguzi wa mkono na eksirei kabla ya kuamua. Usikubali wala kukataa upasuaji kwa karatasi hii peke yake.

Mara nyingi hupigwa video pia. Uliza nani ataitunza. Una haki ya kukataa isitumike kufundishia wala kuwekwa mtandaoni, na mtoto bado anastahili huduma.

Kama hospitali yako haina kifaa hiki

Sehemu nyingi hazinacho, na mtoto wako hajapoteza matibabu. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima kwa macho, kwa mikono na kwa futi. Msaidie kwa video ya simu: iweke usawa wa kiuno cha mtoto, mpige akija kwako, akienda, na kwa upande, pekupeku kisha na viatu. Rudia kila baada ya miezi mitatu, mahali pale pale.

Usisubiri miadi

Mpeleke kituo cha afya mapema kama mtoto aliyekuwa akitembea ameacha ghafla, mguu mmoja umelegea au umevimba, analia akiguswa nyonga, au ana homa na hataki kukanyaga. Hapo hahitaji kupimwa mwendo kwanza. Anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo.