Herufi za Ndia Kuu

Ritifaa moja inaweza kukugharimu pesa. Sisemi kwa mafumbo. Mwaka jana mteja mmoja alinipa kazi ya kutengeneza programu ya kuwatumia watu meseji za kuwakumbusha siku zao za kwenda kwa daktari wa meno. Meseji yenyewe fupi, kama herufi 150 hivi, na ndani yake mna neno "kung'olewa". Kuijaribu tu, hesabu ikaniambia kila mgonjwa atatumiwa meseji tatu badala ya moja. Tatu! Kumbe maneno yalichapwa kwanza kwenye programu inayopenda kupamba, ikaigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda.

Mambo yenyewe yako hivi. Meseji ya simu ya kawaida inabeba herufi 160, ikiwa zote zimo kwenye orodha ya herufi za msingi iliyowekwa tangu mwanzo. Ukitia hata moja iliyo nje ya orodha, meseji nzima inahamishiwa mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ikikatwa vipande, kila kipande kinabeba 67. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyopinda haimo. Nikaibadilisha, meseji ikarudi moja, mteja akafurahi, nami nikashuka kutafuta mahamri na mbaazi.

Lakini zile namba mbili zikanikaa kichwani, 160 na 70, kwa sababu herufi za Kiarabu zote ziko nje ya ile orodha. Maana yake nyanya yangu, ambaye maisha yake yote ameandika Kiswahili kwa herufi hizo, akitaka kunitumia meseji kwa mwandiko wake anapata nusu ya nafasi ninayopata mimi, na hata nusu haifiki. Kuna mtu mahali fulani aliketi akaamua herufi zipi ni za kawaida na zipi ni za ziada. Na ukifuatilia, utaona huku kwetu uamuzi wa aina hiyo ulianza zamani sana kabla ya simu.

Mimi naishi na kufanya kazi Kibokoni, Mji wa Kale, chumba cha juu chenye dirisha moja la kutazama kichochoro. Laptopu, feni, chupa ya chai, basi. Wateja wangu wengine wako Nairobi, wengine nje kabisa, na kinachoniwezesha kukaa hapa ni nyaya zilizo chini ya bahari. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009, na wengine wakafuata. Februari 2012 meli moja iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali pasipostahili, ikaukata ule wa TEAMS, na intaneti ya nchi kadhaa ikaanza kujikokota. Nikiona meli zimepanga foleni huko nje, huwa nawaombea nahodha wao usingizi mwema na macho makali.

Jioni nikifunga kazi natembea. Kutoka Fort Jesus unaingia moja kwa moja barabara ya Ndia Kuu, na jina hilo lenyewe ni somo. Kwa Kiswahili cha shuleni ingekuwa Njia Kuu. "Ndia" ni Kimvita, lugha ya mji huu, ile inayosema mtele kwa mchele, mtanga kwa mchanga, mato kwa macho. Watalii wanapiga picha milango, ila kwangu mimi ushahidi mkubwa kuliko yote hapa ni jina la barabara. Ni neno la Kimvita lililokataa kusanifishwa.

Sasa turudi kwenye herufi. Watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa, wakaandika tenzi, barua, wasia, hesabu za biashara. Tatizo ni kwamba ile hati ilitengenezewa lugha nyingine. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi. Sisi tuna irabu tano. Kiarabu hakina p wala v, hakina ch, hakina ng'. Waandishi wa zamani walichukua ile b na kuitumikisha kazi zote, ya b, ya p na ya mb. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa b mbili unaweza kulisoma baba, au papa wa baharini, au pamba ya kufumia.

Wageni walioliona hilo walisema hati hii haifai. Lakini hebu fungua simu yako usome kundi lolote la vijana. "Cjui." "Xaxa." "Nko." Kuna aliyewahi kushindwa kusoma hapo? Msomaji anajua lugha, anajua anazungumziwa nini, anajaza mwenyewe kilichobaki. Tena katika ushairi kuna mizani na vina vya kukuongoza. Hati ile ilikuwa imemwachia msomaji sehemu ya kazi, na msomaji alikuwapo wa kuifanya.

Hata hivyo, haikuwa kwamba watu wa Mombasa waliridhika tu. Katika karne ya 19 aliishi hapa mwanachuoni mmoja, Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Jina lake lasema hakujua, lakini bila yeye sisi ndio tusingejua. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa mji huu, alifariki karibu mwaka 1840. Alitunga juu ya vita vya Wamazrui na Sayyid Said, juu ya mapenzi, juu ya njaa na ubahili, mashairi ya watu wa mtaani. Sikujua ndiye aliyezunguka kuyakusanya kabla hayajapotea na wazee walioyahifadhi kichwani. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na wakaongezea herufi alama ili sauti za Kimvita zisichanganyike. Sikujua akafariki 1890. Maandishi hayo yako London hadi leo, chuoni SOAS, na diwani ya Muyaka ikachapishwa 1940, Johannesburg, na William Hichens.

Mimi kama mwandishi wa programu namwona Sikujua kama mwenzangu wa kazi. Alikuwa na data iliyo hatarini, iliyohifadhiwa katika vyombo vinavyozeeka (yaani watu), na mfumo wa kuandikia usiotosha. Alifanya yale ambayo yeyote kati yetu angefanya. Alinakili kwanza, kisha akaurekebisha mfumo. Hakusema kwa kuwa mfumo una kasoro basi tuutupe.

Waliosema tuutupe walikuwa na sababu zao, na si zote zilikuwa za ufundi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, akajifunza Kimvita, akaandika kamusi iliyotoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Alipendelea herufi za Kirumi, na hakuficha kwamba alihofia hati ya Kiarabu ingeufungulia Uislamu mlango. Kule Unguja, Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, yeye akifuata Kiunguja. Tanganyika, Wajerumani walianza kuandikiana na maliwali na maakida kwa hati ya Kiarabu, kisha taratibu wakahamia herufi za Kirumi. Mwisho wake serikali, shule na mashine za kuchapa zote zikawa upande mmoja.

Halafu likaja lile la 1928. Serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilitaka Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule. Mkutano ukafanyika, na umefanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Na mkutano wa Mombasa ukaamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Wamisionari wa upande wa Mombasa waliitetea Kimvita, wakisema ndiyo yenye ushairi na maandishi. Wapinzani wao walijibu kwamba Kiunguja kimeshaenea bara mpaka maziwa makuu, kimefuata misafara, na Tanganyika kinatumika tayari. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia na maneno, na mwandishi wa kitabu cha shule alipaswa kupitia kwao.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Mimi nakula kwa sababu ya viwango. Bila makubaliano juu ya herufi gani ni namba gani, programu yangu haitazungumza na yako. Kiswahili sanifu kimenipa wasomaji kuanzia Kisumu hadi Bukavu, na ndicho ninachoandikia hapa sasa hivi. Tena kimeandikwa kwa herufi chache, bila alama juu wala chini, ndiyo maana kinaingia kwenye simu yoyote, hata kabambe ya shilingi elfu. Ukiondoa ile ritifaa yetu ya ng', hakuna lugha inayomsumbua mtu wa kompyuta kidogo kuliko hii.

Lakini kila kiwango kina bei, na bei yake huwa hailipwi na wanaokaa mezani. Ukituma picha kwa WhatsApp inapunguzwa ili iende haraka. Uso unaonekana, mtu unamjua, ila ukivuta karibu, nyuzi za kitambaa hazipo tena, na haziwezi kurudishwa. Kiswahili sanifu kilipunguzwa vivyo hivyo. Mzee wa Mombasa akisema kaa wa pwani na kaa la moto, k zake mbili si moja. Ile ya mdudu ina pumzi. Akisema paa la nyumba na paa wa mwituni, vivyo hivyo. T ya kugusa meno na t ya kugusa ufizi kwake ni herufi mbili. Tahajia ya sanifu inaziandika sawa, na mtoto aliyejifunza kwa vitabu tu hawezi kujua kwamba palikuwa na kitu.

Kimvita hakikufa. Abdilatif Abdalla alifungwa na serikali ya Kenya 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu alichouliza ndani yake Kenya inakwenda wapi. Jela akatunga mashairi kwa Kiswahili cha kwao, akayaandika kwenye karatasi za chooni, na Sauti ya Dhiki ikachapishwa 1973. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Nikisikia watu kazini wakibishana kuhusu mahali salama pa kuhifadhi data, huwa nazikumbuka karatasi zile.

Hati ndiyo iliyoumia zaidi kuliko lahaja. Kuna siku walikuja mtaani vijana wa mradi fulani na fomu kwenye tableti. Swali mojawapo: anajua kusoma na kuandika? Nyanya hakwenda shule ya serikali, kwa hiyo kijana akataka kubonyeza "hapana". Nyanya akamtazama.

"Nani alokwambia sijui kusoma?"

"Ni hivi, bibi, tunauliza kusoma Kiswahili au Kiingereza."

"Na mimi nasoma nini, Kichina?"

Akaingia ndani akatoka na kasha lake. Mlikuwa na barua za babu alipokuwa akifanya kazi Tanga, orodha za harusi, madeni ya dukani, dawa za tumbo, dua, na mashairi mawili ambayo alikataa kusema nani alimtungia. Kiswahili kitupu, kwa hati ya Kiarabu. Kijana wa watu alitabasamu kwa adabu, lakini fomu yake ilikuwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na swali la kufuata lilifunguka kulingana na hilo. Aliyetengeneza fomu hakumtukana mtu. Hakuwaza tu kwamba mtu kama nyanya yupo.

Kinachonishangaza zaidi ni sisi wenyewe. Karibu kila mtoto wa Kiislamu aliyekulia mitaa hii amepelekwa chuoni, na kufikia miaka saba au minane herufi za Kiarabu anazijua. Tunasoma vizuri kabisa lugha ambayo wengi wetu hatuielewi. Ile tunayoielewa, kwa herufi zile zile, hatuisomi. Ukinipa barua ya babu, macho yangu yanakimbia juu ya herufi ninazozijua tangu utotoni, na masikio hayasikii kitu mpaka nyanya aanze kusoma kwa sauti. Hapo ghafla ni Kiswahili, tena ni utani, tena ni wa nyumbani kwetu.

Na safari hii udhuru wa ufundi haupo. Unicode, ule mpangilio unaozipa namba herufi za dunia, una pe, che, ve na ga, herufi zile zile ambazo Waajemi na wengine walijiongezea walipokutana na upungufu kama wetu. Weka kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu kwenye simu yako, nyingi ya hizo utazikuta. Sikujua alilazimika kuzitia alama kwa kalamu, sisi tunabonyeza. Mzee wetu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa hadi alipofariki 2017, alitupa neno tarakilishi wakati wengi walikuwa hawajaigusa kompyuta. Hakungoja mtu wa mbali aamue kama lugha yake inatosha.

Kwa hiyo Ijumaa jioni, kazi za wateja zikiisha, naandika programu ndogo isiyo na mteja. Unapiga picha ya barua, unagusa mstari, unarekodi sauti ya anayeusoma, kisha unauandika mara mbili, kwa hati yake na kwa herufi za Kirumi. Mpaka sasa ina mtumiaji mmoja wa miaka themanini na kitu, anayelalamika kwamba vibonye ni vidogo, na anasema kweli. Tumemaliza barua kumi na moja. Kasha halijafika nusu.

Kila anayejiandikisha ataulizwa swali moja tu. Sikuuliza kama anajua kusoma. Nimeuliza anasoma kwa herufi zipi, na nimeacha nafasi ya kuchagua zaidi ya jibu moja.