Mshipi wa Tandiko Ulifuata Kamba

Katika karne ya 19, tandiko la mchunga ng'ombe wa Marekani lilitosha kumtambulisha ametoka wapi. La Texas lilikuwa na mishipi miwili ya tumboni, mmoja nyuma tu ya miguu ya mbele ya farasi na wa pili nyuma zaidi, chini ya tumbo. La California lilikuwa na mmoja tu, uliopita katikati. Hata majina yalipishana: Texas walisema "girth", California wakashikilia "cincha" ya Kihispania. Ni rahisi kusema kila watu na mila zao, tukaishia hapo. Lakini ukichunguza kazi yenyewe utaona kwamba mshipi ulifuata kamba: idadi yake na mahali pake viliamuliwa na jinsi ng'ombe aliyenaswa alivyozuiwa.

Kusini mwa Texas, penye vichaka vya miiba, kamba ilikuwa fupi na mwisho wake ulifungwa moja kwa moja kwenye kigingi kilicho mbele ya tandiko. Fahali akikimbia hadi kamba ikakaza, kishindo chote kiliangukia kigingi hicho. Sehemu ya mbele ya tandiko ikavutwa, ya nyuma ikataka kuinuka pamoja na mpandaji. Mshipi wa pili ulikuwepo kuizuia isiinuke. Mchungaji wa California alitumia kamba ya ngozi mbichi iliyosukwa, yenye urefu wa mita 18 na zaidi, ambayo ingekatika kwa kishindo kama hicho. Kwa hiyo hakuifunga. Akishanasa, aliizungusha kwenye kigingi na kuiacha iteleze huku ikikaza polepole, mpaka mnyama akachoka na kusimama. Tandiko halikurushwa, na mshipi mmoja ukatosha.

Mtetezi wa mila atajibu kwamba vifaa hivi vyote vilitoka Uhispania, na kwamba watu hurithi kabla ya kufikiri. Ni kweli walirithi, ila urithi mmoja hauelezi matokeo tofauti. Gaucho, yaani mchunga ng'ombe wa Argentina, naye alirithi kwa Wahispania, lakini tandiko lake halina kigingi kabisa. Kamba yake hufungwa kwenye pete iliyoshonwa kwenye mshipi wenyewe, ubavuni mwa farasi, na mshipi huo mpana ndio unaobeba uzito wa ng'ombe. Asili ni moja. Kilichotofautiana ni mahali kamba inapovuta.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwenye michezo ya rodeo ya leo. Wanaonasa ng'ombe wakishirikiana wawili wawili huzungusha kamba kama watu wa California, na bado wanafunga mishipi miwili kama watu wa Texas. Je, hapo kanuni imevunjika? La. Vigingi vyao vimeviringishiwa raba, hivyo kamba hushika papo hapo badala ya kuteleza. Kishindo kimerudi, na mshipi wa nyuma umerudi nacho. Mila ilihifadhi majina na mapambo ya matandiko haya. Mahali pa kupitisha mshipi paliamuliwa na kazi.