Safari ya nyama halali kutoka machinjioni hadi mezani Mombasa

NENO 'halali' linapoandikwa juu ya mlango wa bucha huko Likoni, Kisauni au Changamwe, mnunuzi huwa ameelezwa dai la mwenye bucha tu. Ukweli wa dai hilo hutegemea mikono yote iliyoishika nyama hiyo kabla haijafika kwenye mizani.

Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, uliotolewa mwaka wa 1997, unaeleza masharti ya kuchinja. Mchinjaji sharti awe Mwislamu mwenye akili timamu anayezifahamu taratibu zake. Mnyama awe hai, kisu kiwe kikali, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, na koo, umio pamoja na mishipa mikubwa ya shingo vikatwe. Mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, na kibudu ni haramu.

Wengi huchanganya uhalali huu na mhuri wa mkaguzi. Mhuri unaopigwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama (Sura ya 356) huthibitisha kwamba nyama haina ugonjwa. Hata nguruwe mwenye afya hupigwa mhuri. Kwa upande mwingine, ng'ombe aliyechinjwa kisheria ya dini lakini kichakani, bila kukaguliwa, aweza kuwa na kimeta. Mlaji anahitaji mambo yote mawili.

Hatari ya kudanganywa si ya kubuni. Nyama ya punda wa kufugwa ni haramu kwa wanazuoni walio wengi, na ikishachunwa na kukatwakatwa ni vigumu kwa macho kuitofautisha na ya ng'ombe. Machinjio ya punda yalianza kupewa leseni nchini mwaka wa 2016. Serikali ikayapiga marufuku mwaka wa 2020, nayo Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hayo mwaka wa 2021.

Baada ya machinjioni huja usafiri. Nyama ya kwenda Likoni kutoka kisiwani hupita feri, ya Kisauni hupita daraja la Nyali, na ya Changamwe hupita Makupa. Sheria yataka ibebwe katika chombo kilichoidhinishwa. Kwa Mwislamu kuna sharti la ziada: chombo hicho kisichanganye nyama halali na haramu.

Changamoto kubwa zaidi iko kwa muuzaji. Katika mitaa yenye wakazi wa dini na makabila mbalimbali, kama Changamwe, mishikaki ya ng'ombe yaweza kuchomwa kwenye jiko moja na mutura uliotiwa damu, au kukatwa kwa kisu kilichokata nguruwe. Codex huruhusu chombo cha aina hiyo kitumike tena kikisafishwa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, najisi ya nguruwe huoshwa mara 7, mara moja ikiwa kwa udongo.

Vyakula vya viwandani navyo vina maswali yake. Gelatini huweza kutokana na nguruwe. Rangi ya E120 hutengenezwa kwa wadudu. E471 huweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Hapo ndipo cheti cha taasisi kama Kenya Bureau of Halal Certification (KBHC) kinapohitajika, kwa kuwa jicho la mnunuzi halioni ndani ya kiwanda.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti machinjio na leseni za wauzaji wa chakula. Hata hivyo, mlinzi wa karibu zaidi ni mnunuzi mwenyewe. Aulize nyama imechinjwa wapi, autazame mhuri, na asome tarehe ya cheti kilichotundikwa ukutani: cheti kilichopitwa na wakati hakithibitishi lolote. Mfanyabiashara mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, kwani imani ya wateja ndiyo mtaji wake.