Merikebu Nyekundu na Misafara ya Ncha za Dunia

Katika pwani ya ndani ya kisiwa cha Deception, kaskazini mwa Antaktika, yangali yamesimama matangi makubwa ya chuma yaliyoliwa na kutu, ambayo kampuni ya Hektor ya Norwei iliyatumia kuhifadhi mafuta ya nyangumi tangu mwaka 1912 hata mwaka 1931, biashara ilipoanguka na watu wakaondoka wakaacha vyombo vyao mahali pake. Kabla ya hao walikuja wawindaji wa sili, ambao mara tu visiwa vya South Shetland vilipoonwa mwaka 1819 waliwaua wanyama wale kwa ajili ya manyoya yao, kwa pupa isiyo kifani, hata katika miaka michache fukwe zikawa tupu. Abiria wa leo hushuka hapo Deception, wakapita baina ya matangi na mifupa ya nyangumi iliyotapakaa mchangani, kisha wakarejea chomboni. Inafaa historia ya misafara yao ianzie mahali hapo, kwa sababu biashara ya kuwapeleka watu kuzitazama nchi za barafu ilihamia katika nyumba iliyokuwa ya biashara nyingine, ile ya kuchuna na kuyeyusha, nayo kwa muda mrefu ilirithi kwa mwenyeji wake desturi ya kwenda popote pasipo kuomba idhini ya mtu.

Mambo yalianza kaskazini. Katika miaka ya 1890 merikebu za Kijerumani zilikuwa zikiwachukua matajiri wa Ulaya mpaka visiwa vya Spitsbergen wakati wa kiangazi, majira ambayo jua huko halitui. Na mwaka 1896 kampuni ya Norwei, Vesteraalens Dampskibsselskab, ilianzisha safari za kila juma kutoka bandari ya Hammerfest, ikajenga na hoteli ndogo ya mbao katika ghuba ya Advent. Mwaka uliofuata nahodha wa merikebu ya kampuni hiyo, Lofoten, alikuwa Otto Sverdrup, ambaye ndiye aliyeirejesha salama merikebu ya Fram baada ya kukaa miaka mitatu barafuni. Wageni walivutwa na barafu, na zaidi ya barafu walivutwa na watu wanaoshindana nayo: kiangazi cha 1896 walifika kwa merikebu katika kisiwa cha Danskøya kumtazama Msweden S. A. Andrée, aliyekuwa akingoja upepo wa kumpeleka Ncha ya Kaskazini kwa puto. Upepo haukuja, akarudi kwao. Tarehe 11 Julai 1897 akaruka pamoja na wenzake wawili, wakatoweka, na maiti zao hazikuonekana hata mwaka 1930. Hoteli ile haikudumu. Lakini katika ghuba zile kulikwisha kuzaliwa msafiri wa namna mpya, mwenye tikiti na darubini, na aghalabu mwenye bunduki pia, maana wengi waliona kwamba safari haijatimia pasipo kuangusha kulungu wa barafuni.

Kusini kulichelewa, na kilichokuchelewesha ni bahari. Mlango wa Drake, ulio kati ya rasi ya Horn na visiwa vya South Shetland, una upana wa kilomita 800 hivi, na upepo wa magharibi huuzunguka ulimwengu katika latitudo zile pasipo kukuta nchi kavu ya kuuvunja. Chombo hupita hapo kwa siku mbili, na abiria wengi huzipitisha kitandani. Mwaka 1958 merikebu ya Argentina, Les Éclaireurs, ilivuka mara mbili na abiria wapatao mia kila safari; lakini aliyeifanya kazi hiyo kuwa na taratibu na madhumuni yake ni Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyezaliwa mwaka 1927, akahamia Marekani mwaka 1951, akafungua kampuni yake ya safari mwaka 1958. Mwanzoni mwa mwaka 1966 alikodi Lapataia, chombo cha jeshi la wanamaji la Argentina, akapeleka Antaktika watu wanaokaribia 60. Itikadi yake ilikuwa kwamba mwanadamu hawezi kukitetea kitu asichokijua, na kwamba msafiri aliyefundishwa vema atarudi kwao akiwa mtetezi wa nchi aliyoiona. Kampuni yake ilipeleka wasafiri katika mbuga za Kenya pia, na wasomaji wetu wanaoijua kazi hiyo watautambua mpango wake mara moja: kundi dogo, kiongozi mwenye elimu, hotuba kila jioni, na sharti la kutomsumbua mnyama. Jambo lililokuwa geni ni kuichukua adabu ya mbugani na kuipeleka penye barafu.

Vyombo vya kukodi havikumtosheleza, akaagiza chake. Merikebu hiyo, Lindblad Explorer, iliundwa Nystad katika nchi ya Finland na kukamilika mwaka 1969: urefu wake mita 73 hivi, nafasi zake za abiria mia moja tu, mbavu zake zimeimarishwa ili zistahimili barafu, na mwili wake wote umepakwa rangi nyekundu, hata mabaharia wakaizoea kuiita merikebu ndogo nyekundu. Juu ya sitaha yake zilipangwa mashua za mpira za Kifaransa, zile za Zodiac, na kwa maoni yangu mashua hizo zilibadilisha kazi hii kuliko injini yoyote, kwa kuwa merikebu hutia nanga mbali, na katika nchi isiyo na gati kilichobaki ni namna ya kuufikia ufuo. Msafiri huteremka ngazi ya ubavuni, akampa mkono baharia aliyesimama mashuani, na hapo hawashikani viganja, ambavyo huteleza vikilowa, bali kila mmoja humkamata mwenzake kigasha chini ya kiwiko. Kisha hukaa juu ya ukingo uliojazwa upepo, magoti yakigusana na ya jirani yake, watu kumi au zaidi kidogo katika mashua moja. Wakikaribia pwani harufu ya pengwini huwatangulia, nzito, ya samaki na samadi, na theluji yenyewe pale yanapokaa makoloni yao huwa na rangi ya waridi, kwa kuwa ndege hao hula uduvi na rangi ya uduvi hutoka pamoja na kinyesi. Viatu vya mpira huingia majini kwanza. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwamba nchi hii haikutengenezwa kwa ajili yake.

Wahadhiri wa merikebu hiyo walikuwa watu wa daraja ya juu. Alikuwapo Roger Tory Peterson, mchoraji na mjuzi wa ndege wa Marekani. Alikuwapo Keith Shackleton, mchoraji wa bahari. Na miongoni mwao alikuwapo Sir Peter Scott, ambaye habari zake hunigusa moyo kila nizisomapo. Baba yake, Kapteni Robert Falcon Scott, aliifikia Ncha ya Kusini tarehe 17 Januari 1912, akakuta Mnorwei Roald Amundsen amemtangulia tangu tarehe 14 Desemba, akafa kwa baridi na njaa njiani akirudi. Na katika barua yake ya mwisho kwa mkewe alimwusia kwamba, ikiwezekana, mtoto wao apendezeshwe elimu ya viumbe. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili. Akakua, akawa mchoraji wa ndege na mmoja wa waasisi wa Mfuko wa Wanyamapori Duniani mwaka 1961; na alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye sifa zake mwenyewe, alisafiri katika merikebu nyekundu akiwafundisha wageni majina na tabia za ndege katika bara lile lile lenye kaburi la baba yake. Sijui wasia mwingine wa baba uliotimizwa kwa ukamilifu namna hiyo.

Lakini elimu haimzuii mwamba. Tarehe 11 Februari 1972 Lindblad Explorer ilipanda miamba katika kisiwa cha King George, na abiria wote, Lindblad mwenyewe akiwamo, wakaokolewa na jeshi la wanamaji la Chile. Merikebu ikavutwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Na mwaka 1984 ikawa ya kwanza miongoni mwa merikebu za abiria kuupita Mlango wa Kaskazini-Magharibi juu ya Kanada, njia iliyomgharimu Amundsen miaka mitatu, tangu 1903 hata 1906.

Wakati huo wote mkataba uliolitawala bara la kusini haukumtaja mtalii. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini tarehe 1 Desemba 1959 na dola 12, ambazo kati yake ya Afrika ilikuwa Afrika Kusini peke yake, uliliweka bara zima katika amani na utafiti, jambo la kusifiwa katika karne ile ya vita. Ila waandishi wake hawakumfikiria mtu anayekwenda kwa kupenda kuona tu. Hatua kali zilikuja baada ya msiba. Tarehe 28 Januari 1989 merikebu ya Argentina, Bahía Paraíso, iliyokuwa na shehena ya vituo vya utafiti pamoja na watalii, iligonga mwamba karibu na kituo cha Palmer. Watu wote walipona, lakini mafuta ya dizeli yalitapakaa baharini mbele ya makoloni ya ndege. Mwaka 1991 zikatoka hati mbili: Itifaki ya Madrid, iliyoharamisha uchimbaji wa madini na kuyalinda mazingira ya bara lote, na mapatano ya kampuni saba zilizounda jumuiya yao iitwayo IAATO. Kampuni hizo zilijifunga zenyewe, kabla ya kufungwa na dola, kwa kanuni ambazo kila kiongozi leo anazo kwa moyo: watu wasizidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja; merikebu yenye abiria zaidi ya 500 isiteremshe mtu; mtu asimkaribie pengwini chini ya mita 5, na ndege akipita, ndege ndiye mwenye njia. Kabla ya kushuka abiria huchokonoa matope katika nyayo za viatu, huvichovya viatu hivyo katika beseni la dawa, na mifuko ya makoti hufyonzwa kwa mashine, maana mbegu moja iliyonasa katika mshono yaweza kuota. Na hofu hiyo ina ushahidi, kwa kuwa katika kisiwa cha King George majani ya kigeni yalikwisha kushika mizizi.

Merikebu nyekundu yenyewe ilikuwa imepita mikono mingi na kubaki na jina la Explorer tu, ilipofikiwa na siku yake. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2007, ikiwa katika bahari ya South Shetland na watu 154 ndani yake, iliingia katika barafu ngumu kuliko ilivyodhaniwa, ubavu ukatoboka, na maji yakaingia vyumbani mwa chini. Pampu zikashindwa, umeme ukakatika, na kabla ya mapambazuko ikatoka amri ya kukihama chombo. Mashua za kuokolea zilikuwa za wazi, zisizo na paa, na injini za baadhi yake hazikufanya kazi. Watu wakakaa humo kwa muda wa saa nne au zaidi katika upepo na baridi, wengine katika zile zile Zodiac walizokuwa wakishukia kutazama ndege, mpaka merikebu ya abiria ya Norwei, Nordnorge, ilipowafikia na kuwapandisha wote wakiwa hai. Explorer ililala ubavu mchana kutwa, ikazama siku ile ile katika kilindi kinachopita mita 1,000. Haikupotea roho hata moja, nasi tumshukuru Mungu. Lakini wote waliojua mambo ya bahari walikiri kwamba bahari ilikuwa imetulia kwa nadra yake, na kwamba Nordnorge ilikuwa karibu kwa bahati. Kwa sababu hiyo sheria ya kimataifa ya merikebu za maji ya ncha, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, inataka mashua za kuokolea ziwe na paa, na vifaa vya kumhifadhi mtu hai kwa muda usiopungua siku 5.

Kwa hiyo chombo kinalindwa leo kuliko zamani. Nchi yenyewe, kwa insafu, siwezi kusema hivyo. Wale karibu 60 wa mwaka 1966 wamekuwa zaidi ya 100,000 katika msimu wa 2022 hata 2023, na wengi wao huelekezwa katika fukwe zile zile chache za Rasi ya Antaktika ambazo barafu yake huachia mapema; na ingawa kila kundi latii kanuni ya watu 100, kundi moja likiondoka asubuhi jingine hushuka adhuhuri, na pengwini aliyeatamia yai hana namna ya kutofautisha wageni wa merikebu hii na wa ile. Mimi naamini itikadi ya Lindblad ilikuwa ya kweli kwa kipimo cha merikebu yake, na kwamba haiwezi kunyoshwa mpaka idadi hii. Mwaka 2009 dola za Mkataba zilikubaliana kuzitwaa kanuni za kampuni kuhusu abiria 500 na watu 100 na kuzifanya sheria ya lazima, kwa sharti kwamba kila dola yenye kura itoe idhini yake. Miaka ikapita pasipo idhini hizo kutimia, na mwaka 2023, katika mkutano wa Helsinki, wajumbe wakaanza upya kazi ya kutunga utaratibu kamili wa utalii wa bara lile.